Mshtarii Uani: Ni Picha au Ni Hadithi?

Picha za sayari tunazoziona katika vitabu vya jiografia na kalenda za ukutani hazihakikiwi. Riwaya ikitoka, hata iwe ya kurasa themanini, atajitokeza mtu aipasue: fani hivi, maudhui vile, mhusika fulani ni bapa. Lakini picha ya Mshtarii ikiwekwa mbele yetu tunasema "lo!" kisha tunafunua ukurasa mwingine. Tunaichukulia kama kipande cha mbingu kilichoanguka mezani. Hakuna anayeuliza nani kaitunga, kaitunga vipi na kaacha nini nje. Nasema kaitunga, na neno hilo nimelichagua makusudi.

Picha ninazotaka kuzizungumzia si zile zinazoletwa na vyombo vya anga vya mataifa makubwa. Ni zile zinazotengenezwa na watu binafsi, usiku, uani kwao, kwa darubini waliyoinunua kwa fedha zao na kamera ndogo inayoenea kiganjani. Watu hawa hawapigi picha moja kama mpiga picha wa harusi. Wanarekodi video, maelfu ya fremu, kisha video hiyo wanaichambua, wanaipepeta, wanaipika, na mwisho inatoka Mshtarii moja tu, kali, yenye mikanda na mawimbi, ambayo hakuna jicho lililopata kuiona hivyo kwenye lenzi. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wapo wasemao hiyo ni sayansi, wapo wasemao ni sanaa, na wapo wasemao, tena kwa ukali, kwamba ni uongo uliopakwa rangi.

Mimi ni mtu wa riwaya, au tuseme ninataka kuwa. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne. Lakini swali la ni wapi kuhariri kunapogeuka kuwa uongo ni swali langu kabisa, nalo ndilo lililonikalisha siku kadhaa mbele ya kompyuta ya rafiki yangu nikizitazama video hizo zikiwa ghafi, kabla hazijaguswa.

Kwanza tumjue adui. Adui ni hewa. Mwambie mtu akae upande wa pili wa jiko la mkaa lililokolea, umtazame kupitia juu ya moto: uso wake unacheza, pua inarefuka, sikio linahama. Ndivyo inavyotokea kwa sayari. Nuru ya Mshtarii husafiri kilomita zaidi ya milioni 600, dakika kama 35 hivi sayari hiyo inapokuwa karibu nasi, na safari yote hiyo haiidhuru. Kilomita kumi au kumi na tano za mwisho, humu kwenye hewa yetu, ndizo zinazoivuruga. Video ghafi ya Mshtarii, ndugu msomaji, ni kitu cha kukatisha tamaa. Unaona kiduara cha rangi ya uji wa ulezi kinachotetemeka kama sarafu iliyozama kwenye maji ya mto, kimejaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Nilipoitazama mara ya kwanza niliuliza, "Ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyohiyo.

Hapa niseme jambo moja linalotuhusu. Sayari inapokuwa chini karibu na upeo wa macho, nuru yake hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Mwaka 2019 mtu aliyekuwa London aliiona Mshtarii ikipanda nyuzi zipatazo 16 tu juu ya upeo, yaani aliitazama kupitia hewa zaidi ya mara tatu ya ile ya utosini. Mwaka huohuo, mtu wa Dar es Salaam aliyetoka nje akainua shingo aliikuta kwenye nyuzi 74 hivi. Mwingereza Damian Peach, ambaye picha zake za sayari zinajulikana duniani kote, amekuwa akifunga darubini yake na kuvuka bahari hadi Barbados ili akazipate sayari zikiwa juu. Mwenzetu anapanda ndege kutafuta kitu ambacho sisi tunalala chini yake! Lakini hayo tuyaache, nisije nikaandika makala nyingine.

Adui huyu ana udhaifu mmoja. Hachezi wakati wote kwa nguvu ileile. Mara mojamoja, kwa sehemu ndogo ya sekunde, hewa hutulia na sayari hujitokeza wazi, kisha hupotea tena. Watazamaji wa zamani, waliochora kwa penseli, walizingojea nukta hizo kwa subira ya mvuvi. Mwaka 1978 mtaalamu Mmarekani David Fried aliandika kuhusu uwezekano wa kupata picha safi kwa bahati katikati ya msukosuko wa hewa, na hadi leo mbinu hii hutajwa kwa jina hilo la bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walianza kuzing'oa lenzi kamera ndogo za kompyuta, zile za kuongea na ndugu walio mbali, mojawapo ikiwa Philips ToUcam Pro, wakazichomeka kwenye darubini mahali pa jicho. Kamera ya bei ya chini kabisa ikawa na subira kuliko mwanadamu, maana haichoki na haipepesi.

Kwa kamera za siku hizi hesabu huwa hivi. Unarekodi fremu 100 kwa sekunde, kwa dakika mbili. Hizo ni fremu 12,000. Kisha unaipa kompyuta kazi ya mama anayechambua mchele kwenye ungo: itazame kila fremu, iipe alama, iweke zilizo safi upande huu na makapi upande ule. Unachukua, tuseme, fremu 2,500 zilizo bora, nyingine zote unazitupa. Zile 2,500 zinalazwa moja juu ya nyingine, zikilinganishwa kwa uangalifu, na wastani wake unakuwa picha moja. Mwisho picha hiyo, ambayo bado ina ukungu, inanolewa. Programu za kufanya yote haya ni za bure, zimeandikwa na wapenzi wenyewe: FireCapture ya Mjerumani Torsten Edelmann kwa kurekodi, AutoStakkert! ya Mholanzi Emil Kraaikamp kwa kuchambua na kurundika, RegiStax ya Mholanzi mwingine, Cor Berrevoets, kwa kunoa, na WinJUPOS ya Mjerumani Grischa Hahn kwa kazi nitakayoieleza punde.

Sasa tuingie kwenye fani, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mtu wa fasihi ni kwamba picha hii haina dakika yake. Programu haiilinganishi sayari nzima kwa mkupuo. Inaikata katika visanduku vidogovidogo, na kila kisanduku kinaweza kuchaguliwa fremu zake chenyewe, kwa sababu hewa inaweza kutulia upande wa kusini huku kaskazini ikichemka. Maana yake nini? Maana yake Doa Kubwa Jekundu unaloliona limetoka kwenye nukta hizi, na mkanda wa kaskazini umetoka kwenye nukta zile, na hapakuwa na nukta hata moja ambapo vyote viwili vilionekana hivyo kwa pamoja. Ukimwuliza mwenye picha, "Ilikuwa saa ngapi hapa?" atakupa saa, lakini saa hiyo ni ya katikati tu, ya mapatano.

Si hivyo tu. Mshtarii inajizungusha kwa haraka mno, inamaliza mzunguko kwa saa 9 na dakika 55. Kwa dakika mbili inageuka zaidi ya nyuzi moja, na ukirekodi kwa muda mrefu zaidi maumbo yanaanza kujiburura. Kwa hiyo mtu anarekodi video tano au sita kwa robo saa, kisha WinJUPOS inazirudisha zote nyuma au mbele, inaizungusha sayari kwa hesabu mpaka zote zisimame kwenye saa moja. Sisi tunaiita mbinu rejeshi. Tofauti ni kwamba katika riwaya mbinu rejeshi hutuonyesha kuwa wakati umepita, huku kwao inaficha kwamba wakati umepita. Wengi hutumia kamera isiyo na rangi, wakarekodi mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, halafu rangi ikaunganishwa baadaye. Rangi yenyewe, basi, nayo ni ya kusuka.

Mpinzani wangu atadakia hapo: "Umekiri mwenyewe! Kitu kisicho na dakika, kilichokatwa vipande na kushonwa, kikapakwa rangi, kama si hadithi ni nini?"

Ni hadithi, sawa. Lakini si uongo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wasemaji wa kijiweni. Fikiria una mashahidi 2,500 walioshuhudia kitu kimoja, wote wana macho mabovu kidogo, na ubovu wa kila mmoja ni wake mwenyewe. Ukiyalaza maelezo yao pamoja, kila kosa linakosa mwenzake wa kulishika mkono, linafifia. Waliloliona wote ndilo linalobaki. Hesabu yake ni nyepesi: chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Fremu 2,500, kipeuo chake 50, basi chenga zinakuwa hafifu mara hamsini. Picha hiyo haikutoka kwenye kichwa cha mtu. Kila kilichomo kililetwa na nuru. Wasemao "mwenye macho haambiwi tazama" hawajawahi kutazama kupitia hewa inayochemka. Jicho ndilo linalodanganya, na mrundiko ndio unaolirekebisha.

Uongo unaingia mlango mwingine, na mlango huo una historia.

Mwaka 1877 Mwitalia Giovanni Schiaparelli aliitazama Mirihi akachora mistari. Mmarekani Percival Lowell, tajiri mwenye kalamu nzuri, akajenga kituo chake Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akaiona mistari hiyo kwa wingi zaidi, akaandika vitabu kueleza kwamba ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili waliokuwa wakikabiliwa na ukame. Lowell hakuwa tapeli. Alikesha kweli, akazingojea zile nukta za utulivu kweli. Lakini kati ya jicho lake na karatasi kulikuwa na kitu kinachotaka hadithi ikamilike. Mwaka 1903 Waingereza Maunder na Evans walifanya jaribio ambalo ningependa lifundishwe katika kila darasa la fasihi: waliwaweka wanafunzi wavulana wa shule moja ya Greenwich wanakili mchoro wa duara uliowekwa mbele yao, baadhi karibu, baadhi mbali. Palipokuwa na vitone na michirizi isiyo na mpango, baadhi ya wavulana, kwa umbali fulani, wakachora mistari iliyonyooka. Hakuna aliyewaambia habari za mifereji. Akili yenyewe iliviunganisha vitone. Kisha Septemba 1909, huko Meudon, Ufaransa, Eugène Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini yenye lenzi ya sentimita 83, katika hewa tulivu ya ajabu, na badala ya mifereji akaona madoa na vivuli visivyo na idadi wala ustadi wa fundi. Chombo Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mwaka 1965 na kutuma picha, hapakuwa na mfereji.

Mfereji wa siku hizi unachimbwa kwa kunoa. Katika RegiStax kuna vitelezi sita, kila kimoja kinakuza maumbo ya ukubwa fulani, madogo kabisa mpaka makubwa. Nimevisogeza mwenyewe, na nasema kweli, ni kama pombe. Unasogeza kidogo, mkanda unajitenga na ukungu. Unasogeza tena, mawimbi yanatokea kwenye kingo za mkanda. Mkono hautaki kusimama. Kunoa hakuongezi kitu, kunakuza tofauti zilizokwisha kuwamo, lakini kunazikuza zote, za sayari na za chenga, bila ubaguzi. Ukipitiliza, Mirihi inaota mstari mweusi kwenye ukingo wake unaong'aa, umejipinda sambamba na mzingo wa sayari kama ganda la chungwa. Hakuna kitu kama hicho kule. Kivuli cha mwezi wa Mshtarii kinazungukwa na pete nyeupe. Hakuna pete. Picha za namna hii hushangiliwa sana, na mimi zinanichosha, kwa sababu zilezile zinazonifanya niziweke chini riwaya ambazo kila sentensi ina tashbihi mbili na kila machweo yana damu. Mwandishi kasogeza vitelezi vyote sita mpaka mwisho.

Picha nzuri, kwa maoni yangu, ni ile inayoacha ukungu mahali ambapo hewa iliacha ukungu. Mtunzi wake amejua kusimama. Kuna picha za darubini za sentimita 20 tu, ndogo kabisa kwa watu hawa, ambazo mikanda yake ni laini na ncha zake zimefifia, na unazitazama ukiamini kila kitone.

Halafu kuna uongo mwingine, mpya, ambao hata Lowell angeuonea haya. Mwaka 2023 kulizuka mabishano makubwa kuhusu simu fulani zinazopiga picha za mwezi. Mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaifanya iwe na ukungu makusudi mpaka mashimo yakapotea, akaiweka kwenye skrini, akaipiga kwa simu. Simu ikamrudishia mashimo! Ilikuwa imefundishwa mwezi unavyofanana, ikajaza. Programu za kunoa zilizofundishwa namna hiyo zimeshaingia pia kwenye picha za sayari. Hapa sina huruma. Anayelaza fremu zake 2,500 ni mhariri. Anayejaziwa mashimo kutoka kwenye kumbukumbu ya miezi ya watu wengine ananakili kazi ya watu na kuipa tarehe ya usiku wake.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe niliyokusudia kuihakiki, picha ya Anthony Wesley ya tarehe 19 Julai 2009. Wesley ni Mwaustralia, mwandishi wa programu za kompyuta, aliyekuwa akiishi Murrumbateman, kaskazini ya Canberra, na darubini yake ilikuwa na kioo cha inchi 14.5. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku ule alikaribia kufunga kazi, akaingia ndani kutazama michezo kwenye televisheni, kisha akarudi nje. Akaona doa jeusi likiingia kwa mzunguko, karibu na ncha ya kusini. Alidhani ni doa la kawaida la huko nchani, kisha akadhani labda ni mwezi au kivuli chake, lakini mahali hapakuwa pake wala ukubwa haukulingana. Akafungua picha yake ya siku mbili nyuma ya eneo lilelile. Doa halikuwapo.

Akawapa habari wengine. Wanasayansi wakaielekeza darubini ya NASA iliyoko Mauna Kea, Hawaii, wakathibitisha: kitu kilikuwa kimegonga Mshtarii, miaka 15 kamili baada ya kometi Shoemaker-Levy 9 kuigonga Julai 1994. Kovu lilikadiriwa kuwa kubwa kama Bahari ya Pasifiki. Darubini ya angani ya Hubble ikageuzwa kulitazama siku chache baadaye.

Kama kazi ya sanaa, picha ile si nzuri sana. Wapo waliotoa Mshtarii zenye kupendeza mara kumi zaidi mwaka uleule. Lakini itazame jinsi ilivyohaririwa. Doa halikukolezwa kuliko vitu vingine, halikutengwa, halina mbwembwe. Liko pale kando, jeusi, karibu lipotee ukingoni. Wesley hakulipigia ngoma. Na nguvu yake haimo ndani ya picha hiyo peke yake, imo katika kuwekwa kando ya ile ya siku mbili kabla. Ni kazi inayosomwa kwa jozi. Mtu ambaye mkono wake ungekuwa mzito kwenye vitelezi angekuwa na madoa meusi kila usiku, na hili la kweli lisingemshtua.

Vivyo hivyo kwa Christopher Go, mfanyabiashara wa samani wa Cebu, Ufilipino, ambaye Februari 2006 aligundua kwamba doa moja la Mshtarii lililokuwa jeupe limegeuka jekundu. Badiliko la polepole kama hilo mrundiko unalishika vizuri sana, ndiko uliko uhodari wake.

Lakini tarehe 3 Juni 2010 jambo jingine likatokea, nalo ndilo lililonifanya niandike. Wesley alikuwa akirekodi Mshtarii huko Australia, Go akiirekodi Cebu. Ghafla kwenye video ya Wesley mwanga ukamweka juu ya sayari, ukazimika. Kama sekunde mbili, basi. Akatangaza. Go alipopata habari akarudi kwenye video yake ya dakika ileile, akaukuta mmweko uleule, mahali palepale. Mashahidi wawili, bahari katikati yao. Safari hii hapakubaki kovu, hata Hubble ilipotazama haikuona kitu.

Sasa tafakari, msomaji. Mmweko ule usingekuwapo kwenye picha. Sekunde mbili katika dakika mbili ni fremu moja katika kila sitini. Ukizilaza zote pamoja na kuchukua wastani, mwanga unapunguzwa mpaka unazama. Mantiki ileile niliyoitetea hapo juu, kwamba asemalo shahidi mmoja peke yake lifutwe na wasemalo wote libaki, ndiyo inayoufuta mmweko. Kwa hesabu ya mrundiko, kitu kilichotokea mara moja na chenga havina tofauti.

Nasema hivi si kwa kuulaumu ufundi wao. Nalaumu ufundi wetu. Wahakiki wetu wametufundisha kwamba mhusika mzuri ni mwakilishi: mkulima awakilishe wakulima, mama wa kambo awe mama wa kambo wa jamii nzima. Nasi vijana tumetii. Tunachukua akina mama wa kambo kumi tuliowajua, tunawalaza mmoja juu ya mwingine, tunanoa kingo, anatoka mmoja mkali anayeaminika, mwenye kila kitu walichokuwa nacho wote kumi. Na yule mmoja miongoni mwao ambaye siku moja, Jumanne, mchana, alimvulia mtoto asiye wake viatu vyake mwenyewe akarudi nyumbani peku, halafu hakufanya hivyo tena maisha yake yote, huyo tunamfuta, kwa sababu halikuwa jambo lake la kawaida. Tunamwita si mwakilishi. Nimezisoma miswada ya wenzangu mingi, na yangu imo, na mara nyingi Mshtarii imo lakini mmweko haumo.

Wapenzi wa darubini wamelitafutia jambo hili dawa, na dawa yenyewe ni ya kihariri. Mfaransa Marc Delcroix ameendeleza programu iitwayo DeTeCt ambayo haijali uzuri wa picha hata kidogo. Inapita kwenye video ghafi, fremu baada ya fremu, ikitafuta mwanga uliowaka na kuzimika, na inaweza kupewa hata video za zamani. Shida ni nafasi. Video ya fremu 12,000, hata ikiwa ndogo ya pikseli 640 kwa 480 na isiyo na rangi, inakula karibu gigabaiti 3.7, na ukikesha ukirekodi thelathini umejaza zaidi ya gigabaiti 100. Kishawishi cha kufuta ghafi, picha nzuri ikishatoka, ni kikubwa.

Tarehe 7 Agosti 2019 Mmarekani Ethan Chappel alikuwa Texas akirekodi Mshtarii kwa darubini yake. Mmweko ulipotokea yeye hakuuona. Alipomaliza kurekodi aliipitisha video yake kwenye DeTeCt, nayo ikamwonyesha mahali pa kurudi kutazama. Akairudisha, akatazama. Video ilikuwa bado ipo.